Mvi za Munyiva Katika Wadi ya Wazazi

Jumatatu, 2 Juni

Nimebakisha mtoto mmoja! Yaani wa kuzalisha. Wangu watatu wanatosha. Kijitabu changu cha mafunzo ya ukunga kinataka sahihi ishirini za Sista Phoebe, mkunga msimamizi, moja kwa kila mtoto. Ninazo kumi na tisa. Mwisho Ijumaa saa kumi jioni. Nikikosa, narudia muhula. Niliacha ukarani kwa wakili mjini nikiwa na miaka arobaini na sita, na mume wangu Kitavi anasema Krismasi itanikuta nikipiga taipu tena. Ng'o!

Shida ni Jacklyne, mwanafunzi mwenzangu. Miaka ishirini na mbili, mwepesi, akina mama wanampenda. Mimi ananiita mathe, kama mama yake.

Nina mpango. Nimepita saluni ya Dagoretti Corner, nikanyolewa nywele zote zilizotiwa rangi. Zimebaki mvi tupu. Mkunga mwenye mvi, nani atamkataa?

Jumanne, 3 Juni

Mvi zinafanya kazi, jamani! Mama mkwe mmoja ameniomba nisiwaachie "wale wasichana" mkaza mwanawe. Daktari Shem, aliyeanza kazi hapa jana tu, amenipisha kiti na kuniita Madam. Sikubisha. Jacklyne ameosha mabeseni yote peke yake.

Alhamisi, 5 Juni

Jacklyne alipata sahihi yake ya mwisho jana. Haidhuru! Leo nimezalisha! Nakhumicha, mpishi katika nyumba moja huko Kitisuru, alinishika mkono akasema hamtaki mwingine. Kijana, kilo tatu na nusu. Alilia, nikalia.

Nikageuka na kijitabu. Nilidhani Sista Phoebe yuko nyuma yangu. Kumbe ni Jacklyne na taulo! Sista akaingia na kikombe cha chai. Shem alikuwa amemwambia apumzike, kwa kuwa yule mkunga mkubwa mwenye mvi yuko ndani. Sista akauliza mkubwa yupi.

Sahihi hakuna. Amesema mwanafunzi bila msimamizi anaweza kuua mtu. Ni kweli, na imeniuma. Nimeosha mabeseni mpaka jioni. Jacklyne amenisaidia bila kuombwa. Hata kumchukia nimeshindwa.

Ijumaa, 6 Juni

Wadi nzima mama mmoja tu mwenye uchungu, Wavinya, tangu asubuhi. Nimemwambia wazi kwamba mimi ni mwanafunzi, mvi ni za umri tu. Akanijibu hajali hata nikiwa askari wa geti, mradi nimdake mtoto. Saa tisa, bado. Saa tisa na nusu, bado! Nikaomba kimoyomoyo. Saa kumi kasoro dakika nane, msichana! Sista Phoebe alikuwa bega kwa bega nami. Sahihi ya ishirini!

Mtoto ameitwa Jacklyne. Eti ndiye aliyemsugua mama mgongo. Mimi nimeitwa nyanya.

Jumapili, 8 Juni

Kitavi amekubali kushindwa, amechinja kuku. Nimetubu kanisani. Kujifanya mkubwa ni kubaya. Sirudii maishani.

Ila Jumatano kuna mtihani wa kujieleza mbele ya wakaguzi wageni, watu wasionijua. Na mtu mwenye miwani huwa haulizwi maswali mengi.

Kitavi anauliza miwani yake ya kusomea iko wapi. Nimemwambia atazame vizuri chini ya kochi.