Cherehani Iliyogeuzwa Behewa

Wanzala alipoliona tangazo lile kwenye stesheni ya Kibera, alijua Mungu amemkumbuka. Wakubwa wa treni, ambao treni wenyewe huiona wakiwa ndani ya magari yao, walikuwa wametunga sheria mpya za njia halali za tiketi. Tiketi ya kwenda mjini haifai ukishuka katikati, isipokuwa umeanzia mbali. Na mbali ni wapi imeelezwa kwenye kiambatisho. Na kiambatisho hakikubandikwa. Watu walisoma wakakuna vichwa. Muia, mkaguzi wa tiketi, alisoma akakuna zaidi.

Wanzala, aliyeachia shule darasa la nne, alielewa kitu kimoja tu, nacho kilimtosha: hakuna wa kumbishia.

Kesho yake aliazima reflekta, ile fulana ya kung'aa ya wafanyakazi, akatembea hadi Kabiro, Kawangware, kwa mama Wagaki mwenye ploti ya nyumba za kupanga. Huyu ndiye aliyemfungia Wanzala nyumba wiki aliyomzika mkewe Trizah, akabaki na cherehani ya marehemu ati ndiyo kodi. Sasa Lavender, binti wa Wanzala na marehemu, alikuwa amepata kibanda cha ushonaji Embakasi. Mikono anayo, mashine hana.

"Wanzala? Wewe tena?" Wagaki alimpima kuanzia viatu. "Siku hizi unazoa taka?"

"Niko idara ya njia halali, mathe." Akakohoa kama serikali. "Abiria wote wa Kawangware lazima tiketi zipigwe mhuri pale wanapoanzia safari. Na huku hamna stesheni. Nimetumwa nitafute veranda."

"Stesheni? Hata reli hatuna!"

"Ndiyo maana sheria ni ngumu."

Wagaki akaitazama veranda yake. Kichwani mwake foleni ilikuwa imeshafika Riruta, kila mtu na chai yake na mandazi yake. "Na mhuri atapiga nani?"

"Mwenye veranda. Ila kuna shida." Wanzala akanyoosha kidole pembeni, kwa huzuni ya kiofisi. "Ile ni nini?"

"Si ni cherehani!"

"Ina gurudumu?"

"Liko hapo chini, huoni?"

"Basi ni behewa. Kitu chochote chenye gurudumu ndani ya stesheni ni behewa, na behewa halilali stesheni bila njia. Mkubwa wangu akilikuta, stesheni anapewa jirani yako."

Wagaki alimchukia jirani kuliko njaa. Aliita mkokoteni yeye mwenyewe, na Wanzala akaondoka na mashine ya mkewe akisindikizwa kwa asante nyingi.

Angeipeleka Embakasi siku hiyo hiyo, angekuwa ameshinda. Lakini Lavender alikuwa hajapewa ufunguo wa kibanda, kwa hiyo Wanzala akaificha kwa rafiki mtaani Olympic, hapo Kibera, akangoja Jumatatu.

Wagaki hakungoja. Alichongesha mhuri, akaugonga kwenye tiketi za nusu ya Kawangware. Watu wakafika Kibera wakimwonyesha Muia mhuri kwa kiburi. Muia, ambaye angekufa kabla ya kusema sijui, akaanza kuwafukuza wasio nao. Wakubwa waliposikia, walimsifu kwa bidii yake.

Jumatatu Wanzala akaja stesheni ameibeba cherehani mgongoni kama mgonjwa.

"Mhuri wa Kabiro?" Muia akauliza.

"Wa nini? Hii ni cherehani!"

"Ina gurudumu, mzee. Ni behewa."

"Behewa gani! Huo ni uongo, niliutunga mimi!"

Askari wa stesheni akasogea. "Umetunga sheria za treni?"

Wanzala akageuza maneno upesi. "Nasema... nilizisoma mimi. Kwa bidii."

Kwenye benchi, ndani ya reflekta mpya kabisa, Wagaki, aliyemfundisha Muia sheria hizo zote, alikuwa amefungua tawi. "Behewa ni la stesheni yangu," akasema, mhuri mkononi. "Linarudi lilikotoka. Ama nimweleze afande vile lilitoka?"

Treni ikapiga honi, ikaenda zake. Wanzala akageuza uso Kawangware, mgongo umepinda, Wagaki nyuma yake amefungua mwavuli.

Muia akawakimbilia, akamnong'oneza Wanzala: "Mzee, kwa vile umezisoma, hebu nisaidie. Mimi nakaa Riruta. Jioni nafaa kushukia wapi?"

"Muulize huyo," Wanzala akasema bila kugeuka. "Serikali ni yeye sasa."