Ombi la Kufunga Anga Hadi Tarehe Mosi Mei

Kalemie, juu ya kilima, tarehe 16 Aprili

Kwa Papa Adalbert,
Mkuu wa Biro ya Viumbe Vinavyopita

Papa Mheshimiwa,

Nakuandikia nikiwa nimesimama, kwa heshima, na pia kwa sababu jiwe langu limelowa mvua. Mimi ni Hénoc, karani mpya, uliyemtuma tarehe mbili Machi kuhesabu tai, vipanga na mwewe wanaorudi kaskazini baridi ya huko inapoisha. Kama umenisahau, mimi ni yule aliyegonga mlango wako mara tatu halafu akaondoka.

Papa anajua kwamba ripoti ya hesabu hii ilipelekwa Kinshasa mwezi Januari, ili isichelewe. Inasema kwamba ndege 4,212 walipita hadi tarehe 30 Aprili. Mimi sina neno juu ya ripoti. Mama Syntiche aliipiga chapa vizuri sana. Kazi yangu ilikuwa ndogo: kuhesabu hadi hesabu ifanane na karatasi, kisha nipewe matrikile, yaani ile namba ya mfanyakazi kamili. Bila namba hiyo mimi ni mgeni tu anayekuja biro kila asubuhi. Najua pia yaliyompata Jovial, aliyenitangulia, ambaye hesabu yake iliipita karatasi. Alihamishiwa Manono kuhesabu mchwa, na hadi leo hajarudi, kwa kuwa mchwa hawajaisha.

Kwa hiyo nalazimika kuwashitaki ndege wenyewe, kama ifuatavyo:

1. Wamezidi. Jumanne, tarehe 14, saa nne asubuhi, alipita ndege wa 4,212. Nilipiga mistari miwili kwa rula, nikamshukuru Mungu. Kabla sijarudisha kifuniko cha kalamu, akapita wa 4,213. Leo wamefika 4,419.

2. Hawana karatasi. Mimi mwenyewe siwezi kukaa kilimani bila hati yangu ya misheni, ile ya safari ya kikazi, kutiwa alama ya kufika na ya kuondoka. Kwa kuwa huku juu hakuna mamlaka nyingine, Mama Florentine, mwenye shamba la mihogo, huniwekea dole gumba lake asubuhi na jioni. Ndege hawa wanauvuka mstari wetu, kutoka nguzo ya simu hadi jiwe jeupe, bila kuonyesha chochote kwa yeyote.

3. Siwezi kuwakana. Nimejaribu kuupa mstari mgongo na kutazama ziwa, ili wapite bila kuonekana. Lakini vivuli vyao hupita juu ya daftari, na karani aliyeona kivuli ameona. Zaidi ya hayo, wengi wakishavuka hurudi nyuma kana kwamba wamesahau kitu nyumbani. Maelekezo yako yanasema anayevuka ahesabiwe. Hayasemi anayerudi afanywe nini. Niliogopa kuuliza, nikawahesabu tena.

4. Sitaki kuwasingizia, sifa zao wanazo. Hupita mmoja mmoja, bila kusukumana, kama mia na kumi kwa siku. Jumapili hawapiti kabisa, na inaonekana ni Wakristo. Wote ni wa jamii moja: rangi ya kahawia, na bawa la kushoto limepungukiwa unyoya mmoja. Pengo hilo nimelichora ukurasa wa 31, liwe alama ya kuwatambua.

5. Wamelidharau tangazo. Jana nilibandika kwenye nguzo, kwa Kifaransa na Kiswahili: «Hesabu imejaa. Wanaofuata wangoje Mei.» Ndege mmoja alikuja akatua juu ya nguzo, akanitazama, kisha akavuka. Nikamwandika, alikuwa wa 4,306. Mama Florentine alicheka hadi jembe likamtoka mkononi. «Mutoto wa biro,» akaniuliza, «na yeye alisomaka wapi?» Nikacheka naye, kwa kuwa ndiye mwenye dole gumba.

6. Kwa sababu hizo naomba anga lifungwe, kuanzia leo hadi tarehe mosi Mei, kwa mti wa kizuizi uliopakwa nyekundu na nyeupe, kama ule wa barabara ya Bendera, ila uwe juu zaidi. Wenzetu wa Moba wawashike ndege huko huko kusini. Wenye haraka wafuate reli kupitia Kabalo, ambako hakuna anayewahesabu.

7. Ikiwa kufunga anga ni kazi ya wizara, basi naomba tarehe 30 Aprili isogezwe hadi Jumanne iliyopita, saa nne na dakika moja. Si jambo kubwa. Ripoti yetu imekwisha kuitangulia kalenda kwa miezi mitatu, na hakuna aliyeumia.

Nisamehe ukali wa maneno. Msalimie Mama Syntiche, na Papa Christophe wa langoni, na meza yangu, kama bado ni yangu.

Ni mimi mtumishi wako mwenye hofu na utii,

Hénoc
Karani (namba: bado)

Nyongeza. Papa, barua hii tafadhali isisomwe kuanzia namba ya kwanza hadi saini. Mama Florentine amekuja sasa hivi kuniwekea dole la jioni, akauona ukurasa wa 31. «Ule!» akapiga kelele. «Ule njo mwizi wangu! Ni mumoja tu, anakaa kwenye muti nyuma ya nyumba, anakulaka vifaranga vyangu!» Kumbe humfukuza kwa kupiga sufuria, naye huzunguka kilima na kurudi, mara mia na kumi kwa siku. Jumapili Mama hufungia vifaranga ndani ili aende misa. Huyo hapiti kwenda popote. Ni mkaaji wa hapa.

Nilimuuliza kama kuna wengine waliopita. Akasema ndiyo, wakubwa, wengi mno, juu sana, kila siku saa sita, wakati mimi nimeinamia daftari.

Kwa hiyo anga lisifungwe. Nimefuta 4,419 na kuandika 1, naye si msafiri. Chini yake kuna dole gumba la Mama Florentine kama shahidi. Ikiwa mchwa wa Manono wananingoja, nitakwenda. Ila naomba kwanza unipe kesho, saa sita, niinue kichwa.