Nyuzi Saba na Chupa ya Chai

Jumatatu, 3 Machi

Mwalimu mkuu ametangaza asubuhi: mkaguzi anakuja Alhamisi. Atakaa nyuma kwenye kipindi kimoja cha kemia na kimoja cha fizikia, kisha mmoja wetu, mimi wa kemia au mwenzangu wa fizikia, atapewa uongozi wa idara ya sayansi. Pamoja na ofisi. Ofisi yenye mlango! Miaka kumi na moja nasahihishia madaftari kwenye kiti cha karibu na birika, kila anayetaka chai ananipitishia kiwiko usoni. Mwalimu wa fizikia ana miaka minne tu hapa. Lakini ana kalamu tatu mfukoni na watu wanamwamini.

Nitaonyesha jaribio la asidi na alkali. Unazichanganya, zinatoa joto, unapima limepanda kiasi gani. Kitabu kinasema nyuzi saba. Leo nimejaribu na Kidato cha Tatu: tano. Mwaka jana tano. Mwaka juzi tano. Kuna msichana wa dawati la mbele, wenzake wanamwita Hakimu kwa sababu hakubali kitu mpaka akishike mwenyewe. Amekishika kikombe cha bati tulichochanganyia, akasema kina joto kwa nje, kwa hiyo zile nyuzi mbili zimetorokea hapo. Nimemwambia najua. Nishati haiumbwi wala haipotei, inahama tu. Nimeiandika mimi ubaoni, kwa herufi kubwa! Ila mkaguzi haji kushika vikombe. Atataka saba.

Jumanne, 4 Machi

Mpango wa kwanza. Mwalimu wa fizikia ana chupa ya chai isiyo na mfano. Chai ya asubuhi inaunguza ulimi hadi jioni. Chupa ya namna hiyo haitoroshi joto. Tatizo ni kumwomba mpinzani silaha. Nikamwambia mama mkwe anaumwa, anahitaji kupelekewa supu ya moto. Akanipa papo hapo, tena kwa mikono miwili. Akauliza anaumwa nini. Nikasema miguu. Supu na miguu wapi na wapi, lakini hakuhoji.

Kufika saa nne ofisi nzima ya walimu inanipa pole. Mwalimu mkuu amesema Ijumaa watakwenda kumjulia hali. Lahaula! Mama mkwe ni mzima wa afya. Juzi kahamisha kabati peke yake.

Jumatano, 5 Machi

Nimeiosha chupa mara nne, bado inanukia chai. Muda wa kuijaribu sikupata. Kwani chupa nzuri nayo inajaribiwa?

Kwa usalama, mpango wa pili. Nimeianika alkali dirishani, juani, dakika chache tu. Asidi nikaiacha kivulini. Nikachanganya kwenye kikombe kilekile cha bati, na joto la mwanzo nikasoma la asidi peke yake. Saba! Saba kamili! Nimepiga kelele mpaka mtunza maabara akaja mbio na ndoo ya mchanga.

Kesho natumia vyote viwili, jua na chupa. Kimoja kikiniangusha, kingine kitanidaka. Mama watoto ameuliza kwa nini nacheka peke yangu. Nimemwambia aanze kushona pazia la ofisi.

Alhamisi, 6 Machi

Sijui nianzie wapi. Alkali niliianika saa mbili. Kipindi kilikuwa saa nne. Saa mbili za jua si dakika chache. Hilo nimelikumbuka baadaye.

Mkaguzi kakaa nyuma, mwalimu mkuu kando yake. Mwalimu wa fizikia naye kaja, eti kujifunza. Nikapima joto la asidi tu. Nikamimina vyote kwenye chupa ya chai, nikatikisa, nikamwita Hakimu asome kipimajoto. Akasoma. Akasoma tena. Akasema joto limepanda nyuzi kumi na mbili.

Kijasho chembamba kikanitoka. Mkaguzi akaandika kitu, kirefu. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, nyuzi tano za ziada zimetoka wapi, ikiwa nishati haiumbwi. Kaisoma ubaoni! Kwa mwandiko wangu! Mwalimu wa fizikia akachagua dakika hiyohiyo kuuliza kama ile si chupa yake, na mama mkwe leo anakunywea nini.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Hakimu akaenda dirishani, akaishika chupa ya alkali. Akanitazama, siyo kwa dharau, bali kama mtu aliyeona mzee kajikwaa njiani. Halafu akamgeukia mkaguzi. Akasema alkali ilikuwa na joto la jua tangu mwanzo, na mwalimu amefanya makusudi, kuona nani atakumbuka kupima vyote viwili kabla ya kuchanganya. Akasema huwa nawatega hivyo kila mara. Sijawahi kumtega mtu darasani maisha yangu yote.

Mkaguzi akapiga makofi.

Baada ya kipindi Hakimu alibaki kuosha vikombe. Aliniomba kitu kimoja tu: siku nyingine tafadhali tupime vyote viwili. Niliona aibu. Kweli niliona aibu, karibu dakika tatu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepewa! Kwa majaribio, muhula mmoja. Mkaguzi ameandika kwamba nafundisha watoto kutomwamini hata mwalimu wao. Sentensi hiyo nimeisoma mara tano. Nadhani ni sifa.

Nimetangaza kwamba mama mkwe amepona, wasijisumbue kwenda. Nimechelewa. Mwalimu mkuu alishampigia mama watoto simu ya pole, mama watoto akampigia mama yake, na mama yake amesema kama hali ni mbaya kiasi hicho basi anakuja kuuguzwa kwetu. Mwezi mzima. Mama watoto hasemi nami.

Kuna sharti. Jumatatu nirudie jaribio mbele ya walimu wa shule tatu, bila mtego, kwa kikombe cha bati, nieleze kwa nini tunapata tano. Nimesema hakuna tabu.

Jumatatu, 10 Machi

Nimo ofisini kwangu. Nimefunga mlango. Nimeufungua, nikaufunga tena.

Eti leo nikaonyeshe tano! Mkuu wa idara mzima, mbele ya shule tatu, na tano! Nimelitafakari kosa langu siku mbili na nimeliona. Kosa lilikuwa kupasha alkali. Alkali watu wanaishika. Asidi nani ataishika? Na humu ofisini kuna jokofu dogo la kemikali. Asidi imelala humo tangu saa moja. Nikianza kupima na asidi ya baridi, saba hiyoo!

Nimeitoa sasa hivi. Chupa inatoka jasho kwa nje, matone yanachuruzika mezani. Nimeifuta kwa pazia jipya. Imetoka jasho tena.

Hakimu amepiga hodi, anauliza alete vipimajoto viwili. Nimemwambia kimoja kinatosha.