Kahawa ya Posa

Ninayo heshima kubwa kuutangazia umma kwamba uchumi wetu umekua. Umekua Kaagya, umekua Kashozi, na hata Muleba, ambako watu hawana haraka ya kuamini jambo linalotoka Bukoba, wamekiri kwamba wameusikia.

Chanzo ni kamati yetu, ambayo mimi ni katibu wake. Tulibaini kwamba Wahaya tunampa kila mgeni punje za kahawa atafune, na kila punje inayotafunwa sebuleni ni punje isiyouzwa nje. Mwenyekiti, Ta Byabato, akatoa tamko: kaya itakayopeleka kahawa yote ghalani ili isafirishwe nje, bila kumpa mgeni hata punje, itapata motisha ya mabati ishirini. Atakayekamatwa akimkarimu mgeni amejifuta mwenyewe kwenye orodha ya mabati.

Ma Verdiana wa Kaagya, mjane ambaye paa lake huvujia kitandani, alipeleka magunia yote matatu. Nilimpongeza kwa maandishi.

Mwezi uliopita mwenyekiti aliniomba nimsindikize kwa mama huyo. Hakwenda kikazi. Alikwenda kumposea mwanawe Evarist, kijana wa miaka arobaini na moja. Mposwa alikuwa Alistidia, binti wa Ma Verdiana. Kwetu, wenye binti wakileta kahawa mkatafuna pamoja, mmekubaliwa. Isipoletwa, chukueni kofia zenu.

Tulikaa. Tukazungumzia mvua, tukazungumzia migomba, tukarudia mvua.

"Ma Verdiana," mwenyekiti akasema hatimaye, "mbona hatutafuni?"

"Agizo lako, Mheshimiwa."

"Agizo linahusu wageni. Sisi ni wakwe."

"Mtakuwa wakwe mkishatafuna. Kwa sasa ni wageni."

Ta Byabato alinitazama. Nilifungua mwongozo, niliouandika mwenyewe kwa fahari. Wakwe hawakutajwa.

"Lete hata punje moja, mama. Nakuruhusu."

"Na mabati yangu?"

Mwenyekiti aliuchukua mwongozo, akausoma mwenyewe. Kanuni ilikataza msamaha wowote, na sahihi iliyokuwa chini yake ilikuwa ya kwake.

"Hata ningetaka," Ma Verdiana akasema kwa upole, "kahawa yote imekwenda Ulaya. Ikirudi, nanyi karibuni tena."

Jikoni Alistidia alicheka, kisha akajifanya anakohoa.

Nilimwonea huruma mwenyekiti, lakini kazi ni kazi. Jumatatu nilimpelekea fomu ya kaya ya kwanza kutimiza masharti mbele ya shahidi wa ngazi ya juu. Shahidi alikuwa yeye. Alitafuta kalamu kwa muda mrefu, kisha akasaini mabati ishirini.