Fyuzi ya Dhahabu na Ubeti wa Mama Mkwe

Jumatano, 7 Juni 1995

Nimepata fyuzi ya dhahabu! Dhahabu ni vichwa viwili tu, katikati kioo. Mfanyabiashara wa stendi, yule wa bidhaa za Dubai, anasema umeme hufika Singida ukiwa mchafu, na fyuzi hii huusafisha kabla haujaingia kwenye amplifaya. Nikamuuliza unachafukia wapi. Akasema njiani. Jibu la mtu anayejua kazi yake.

Nimemlipa kwa jogoo wa mke wangu, Rebeka.

Niandike sababu, nisije nikajiona mjinga baadaye. Marehemu mama mkwe aliimba ubeti mmoja peke yake kwenye kaseti ya kwaya. Sauti yake haikubaki mahali pengine popote. Kaseti ilikaa kwanza kwa Antipasi, mume wa Klara, dada wa mke wangu. Sasa iko kwetu. Baba mkwe, mzee Mughwai wa Mtinko, ameshaisikiliza kwa Antipasi. Jumapili atasikiliza hapa, kisha ataamua ikae nyumba gani. Rebeka kila akipita anaigusa. Na kwenye amplifaya yangu mama yake anasikika kama anaimba ndani ya debe.

Alhamisi, 8 Juni

Nimeifunga. Tofauti kubwa! Nimesikia hadi pumzi kati ya maneno.

Nikamwita Rebeka athibitishe. Nikamwambia aelekee ukutani huku akichambua mchele, nami nyuma yake nikabadilisha fyuzi: ya zamani, mpya, ya zamani. Kila mara akasema ni ile ile. Nikamwambia masikio yake hayajazoea. Akaniambia sauti ni ya mama yake.

Hilo limenisumbua mchana kutwa. Kama mimi nasikia na yeye hasikii, hiyo tofauti inakaa wapi? Kwenye spika, au kwangu? Swali gumu. Nimeliacha.

Ameuliza jogoo yuko wapi. Nimesema labda ametembea.

Ijumaa, 9 Juni

Antipasi amekuja kupeleleza. Akauliza umeme uliosafiri kwenye waya kutoka huko mabwawani utasafishwaje na kitu kifupi kuliko kidole. Nikamwambia hata chai huchujwa mwishoni, mlangoni mwa kikombe. Nimemweza! Furaha yangu haikudumu. Akakumbuka kwamba juzi alimwona jogoo wetu ndani ya tenga juu ya basi la Arusha.

Rebeka alikuwa mlangoni. Yule jogoo alikuwa amemwekea baba yake. Mkwe akija, huchinjiwa na kuwekewa firigisi, na kila mtu hapa anajua maana ya sahani isiyo na firigisi.

Ugali wa leo nimekula peke yangu.

Jumapili, 11 Juni

Mzee amefika na Antipasi. Nikamwamkia shikamoo bila kuinua macho. Tukamwekea ugali na mlenda. Akaitazama sahani, akasema neno la Kinyaturu kwa binti yake. Mimi ni wa Itigi, nikajifanya sielewi. Nilielewa.

Kisha nikawasha kaseti.

Debe limetoweka! Sauti imetoka safi, mama mkwe yuko nasi chumbani. Mzee akavua kofia. Ulipofika ule ubeti akainua mkono.

“Hapo alikuwa na mafua,” akasema. “Nilimkataza asiende. Rudisha.”

Nikarudisha. Akasikiliza amefumba macho. Akasema tena nirudishe. Rebeka alikuwa analia, na mimi nikalia, sina haja ya kuficha. Antipasi alitazama viatu vyake.

Kaseti inabaki kwetu.

Jumatatu, 12 Juni

Nilikuwa naisifu fyuzi. Rebeka akaleta kopo la vifungo, akalifungua mbele yangu. Fyuzi ya dhahabu imo! Aliichomoa Jumamosi akaenda nayo stendi kudai jogoo, akamkosa mfanyabiashara. Amplifaya akairudishia fyuzi yake ya zamani. Halafu, kwa hasira, akafanya usafi: akafuta kwa spiriti kile kichwa cha deki kinachogusa mkanda, kitambaa kikatoka na uchafu wa kahawia, akazitoa spika nyuma ya kabati.

Nimekaa nikafikiri sana. Mke wangu hasemi uongo.

Lakini kopo lilikuwa wapi Jumapili nzima? Juu ya amplifaya! Fyuzi ilifanya kazi ikiwa ndani ya kopo, katikati ya vifungo. Ikirudi mahali pake itakuwaje?

Mfanyabiashara amerudi leo stendi, anasema ipo nyingine, ya kwenye plagi. Kesho asubuhi nampelekea mitetea miwili, Rebeka akiwa shambani. Kwa fyuzi mbili, hata yale mafua yataisha. Mzee akija tena atamsikia mkewe akiwa mzima kabisa.