Kibao Kilichokataa Kuganda

Habari zilifika kwenye gari la kahawa la Nolene kabla ya mwenyewe: Bluu kapata mtu! Baada ya miezi ya usaili, baada ya kuwarudisha watoto wa watu makwao wamenuna, kiwanda cha vidhibiti vya pampu za maji pale Toowoomba hatimaye kimepata fundi wa kuandika programu zinazokaa ndani ya vibao vyake vya umeme. Bluu anastaafu. Jumamosi anaondoka.

Jina lake hasa ni Mervyn. Nywele zake zilikuwa nyekundu kama pilipili kabla mvi hazijazivamia, na huko, kwa utani wa kinyume, mwenye nywele nyekundu huitwa Bluu, basi, hakuna cha kuuliza. Kwa mtindo huohuo tarishi wa barua wa mtaa ule anaitwa Kimya, maana tangu azaliwe hajawahi kunyamaza. Asubuhi ile ya Alhamisi Kimya alikuwa amekalia kreti la maziwa, kofia ya pikipiki kichwani, vibanio vya plastiki vya kutishia ndege vimechomoza juu yake kama miiba ya nungunungu. Ilikuwa Septemba, na kunguru wa mabaka wenye vifaranga humdonoa kichwani kila apitaye, hawajali kama wewe ni mtumishi wa serikali.

"Mpisheni mstaafu!" Kimya akapaza sauti. "Mzee wa kukataa watu kakubali mtu! Leo hata kunguru wamenipa amani!"

Nolene akachomoza kichwa dirishani. "Ni kweli, Bluu? Au ni kama ile ya Pasaka, ulipotuaga halafu hukuondoka?"

"Ni kweli tupu, dada," Bluu akasema, akavuta kreti. Meno yote nje. Na alikuwa na haki ya kufurahi. Trela la kulala lilikuwa limeshapakiwa, sufuria zimefungwa, ramani imetandazwa mezani. Safari ya kuizunguka nchi ilishaahirishwa mara tatu, na mara ya tatu mkewe, Glenys, hakugomba wala hakununa. Alisema tu kwamba Jumamosi trela linaondoka, aliyemo yumo, na asiyekuwemo atajipikia. Bluu hajui kupika hata yai.

"Sasa tupe umbea," akasema Askofu. Huyu ni mtu wa mauzo wa kiwanda hichohicho, na wamempa jina hilo kwa sababu anaweza kukuuzia pampu isiyokuwepo kwa uso wa ibada. "Huyo malaika aliyekuridhisha ni nani?"

"Anaitwa Brayden."

"Kafanya nini ambacho wale wengine saba walishindwa?"

Bluu akafungua begi, akatoa vibao viwili vya umeme, kila kimoja ukubwa wa kiganja, kila kimoja na kijitaa chake cha kijani. "Mtihani wangu ni huu. Natega kosa ndani ya programu. Kibao kinakwenda vizuri, taa inamulika, halafu programu inaliuliza boya la tangi kiwango cha maji. Boya lenyewe sijaliunganisha. Basi programu inangoja jibu, inangoja, inagota hapohapo, na taa inaganda. Nampa mtu kibao, vipimo na pasi ya kuchomelea, namwambia, niambie kinaumwa nini."

"Na wewe unakaa unamkodolea macho?"

"Nimkodolee ili iweje? Mtu hafikirii vizuri ukimpumulia kisogoni. Namwacha peke yake, nakuja hapa."

"Kumbe ndiyo maana mwaka huu umekunywa kahawa kama trekta!" Kimya akasema. "Haya, yule wa shahada mbili ulimkataa kwa nini?"

"Alisema haoni kosa."

"Na yule mwenye ndevu?"

"Haoni kosa."

"Yule maskini aliyepanda ndege kutoka Perth?"

"Haoni kosa!" Bluu akapiga goti. "Nawauliza, taa haikuganda? Wananikazia macho wote, ati haijaganda hata mara moja. Hao wananiona mimi wa jana? Taa inaganda, wanazima na kuwasha, halafu wanaona haya kusema."

"Na yule binti wa Fiji?" Nolene akauliza. "Mereoni. Yule nilimpenda. Kakaa hapo ulipokaa wewe, kala pai, kanisaidia hata kuinua chupa ya gesi."

"Huyo ndiye aliyenikera kuliko wote. Namuuliza habari ya kuganda, yeye ananijibu kibao kinajiwasha upya chenyewe. Halafu ananiuliza nani kakifungia mbwa. Mbwa, jamani! Kwenye kibao nilichokitega kwa mikono yangu!"

"Ebo! Mbwa gani tena?" Kimya akaangalia chini ya kreti.

"Ndiyo lugha yetu mafundi. Mbwa ni kijisaa cha lindo. Programu inapokuwa macho, inampapasa mbwa kila mara, anatulia. Ikiganda, mbwa hapapaswi, anabweka, na kibao kinajizima na kujiwasha upya. Kule kwenye mashamba ya ng'ombe, pampu iko mbali, unaendesha gari kutwa nzima huoni mtu. Kibao kikiganda na mbwa hayupo, nani atakwenda kubonyeza swichi? Ng'ombe?"

"Kwa hiyo vibao vyenu vyote vina mbwa?"

"Vyote! Mimi hata usingizini naweka mbwa. Ila hiki cha usaili hakina. Kitakuwaje naye na mimi nataka kigande?"

Askofu akatikisa kichwa taratibu. "Na Brayden je?"

Sauti ya Bluu ikalainika. "Brayden narudi namkuta kakunja mikono. Ananiambia, 'Nimeona tatizo mzee, na nimeshalimaliza.' Kachomelea kijipande pembeni. Tukakaa pamoja tukaangalia taa mpaka chai ya saa nne ikatupita. Haikuganda! Nikampa mkono palepale. Bosi anasaini leo mchana."

"Huyo kichwa," akasema Kimya.

"Sasa tazameni wenyewe." Bluu akaunganisha betri kwenye kibao cha pili. "Hiki hajakigusa, bado kina kosa lake. Kitaganda kabla kahawa zenu hazijaisha. Kisipoganda, naila kofia ya Kimya."

"Na vibanio vyake?"

"Na vibanio vyake."

Wakainama wote wanne, Nolene kutokea dirishani. Taa ikamulika, ikapumzika, ikamulika. Kimya akasimulia habari za mbwa wa kweli aliyemrarua suruali mtaa wa nyuma, pamoja na ukoo mzima wa mwenye mbwa. Askofu akafika kwenye mashapo ya kikombe. Taa ikaendelea kumulika.

"Subirini," akasema Bluu.

"Tunasubiri, mzee. Nolene, lete chumvi, kofia hailiki hivihivi."

"Kahawa bado!"

"Bado ipi? Yangu imeisha, ya Askofu imeisha, hata harufu imeisha!"

Bluu akaisogelea taa kama mtu anayetaka kuinong'oneza. Inamulika, inapumzika, inamulika.

"Lakini kanakonyeza vizuri," Kimya akasema.

"Kanakonyeza nini?"

"Si hako kataa! Kanakwenda taratibu, taratibu, halafu ghafla mara tatu fasta-fasta. Halafu tena taratibu. Mbona umenitolea macho?"

"Hiyo ni salamu," Bluu akasema. "Nilikiwekea mwenyewe. Kila kikiwashwa kinaanza kwa kukonyeza mara tatu."

"Aa, sawa. Na sasa hivi nani kakiwasha?"

Taa ikakonyeza mara tatu. Bluu akaitazama, na rangi ikamtoka usoni.

"Bluu," Nolene akaita kwa upole. "Wewe si ndiye uliyesema hata usingizini unaweka mbwa?"

"Kudadeki," Bluu akanong'ona.

Askofu alianguka kutoka kwenye kreti. Si kwa mfano, alianguka kweli, kikombe huko na kiatu kule. "Watu wanane!" akalia akiwa chini. "Saba wamesema kweli, wamefukuzwa! Mmoja kapiga fiksi, kapewa kazi!"

"Lakini alichomelea kitu!" Bluu akabisha.

"Alichomelea nini? Hebu tuone!"

Bluu akakinyakua kile kibao cha Brayden, akavaa miwani, akakigeuza juani. Akavua miwani. "Kijipande hakijaunganishwa na chochote," akasema. "Kimekaa tu pale kama hereni."

"Na wewe hukukiangalia?"

"Niliangalia taa." Akafikicha macho. "Nilitaka kuondoka, jamani. Nimechoka kukataa watu. Nilitaka mtu mmoja tu aniambie limekwisha, niende zangu na mke wangu."

Hapo kidogo kicheko kikapungua. Kidogo tu.

"Sikiliza," akasema Askofu akijikung'uta. "Huyo Brayden usimtupe. Katengeneza kitu kizima, kapokea shukrani, na mteja kaondoka anacheka. Huyo ni wa kwangu! Mlete idara ya mauzo."

"Na mimi Jumamosi nafanyaje?"

"Mpigie Mereoni," Nolene akasema.

"Nitamtazama vipi usoni?"

"Simu haina uso. Na kama unaona aibu, utaiona vizuri zaidi ukiwa unajipikia."

Bluu akapiga. Kimya akanyoosha mkono akabonyeza spika, kwa manufaa ya umma.

"Mereoni, mwanangu, ni mimi Mervyn, wa pampu. Kile kibao... kilikuwa na mbwa."

"Najua, mzee. Nilikwambia."

"Ulinambia. Na mimi nilikujibu nini?"

"Ulijibu, 'Asante, tutakupigia.'"

"Basi," Bluu akasema, "si nimepiga?"

Upande wa pili kikasikika kicheko ambacho mtu amejaribu kukizuia akashindwa. "Watu wa Brisbane nao wamenipa kazi, wanangoja jibu langu leo. Kabla sijasema lolote, na mimi nikusaili kidogo. Watu saba wanakwambia jambo lilelile. Unawachunguza watu, au unachunguza kibao?"

Kimya akafungua mdomo kumsaidia. Nolene akamchapa kitambaa cha vyombo.

"Nachunguza kibao," akasema Bluu.

"Umejibu sawa, ila umechelewa sana. Jumatatu nakuja. Sharti moja, mtihani ujao nautunga mimi."

"Mwanangu, chukua mtihani, chukua meza, chukua hata kiti changu!"

Simu ilipokatika kijiwe kizima kilishangilia, mpaka kunguru mmoja akaruka kutoka kwenye nguzo ya umeme akampitia Kimya kichwani. Kimya hakumjali. Alikuwa na neno, na neno lilikuwa linamwasha ulimi.

"Jamani, mmeona lakini? Bluu mwenyewe ni kibao! Kaganda hapa tangu Pasaka, anangoja boya lisilojibu! Na sasa mtaona anavyowashwa upya. Maana na yeye nyumbani kafungiwa mbwa, tena mbwa mwenyewe si wa..."

Honi ikalia nyuma yake. Ndefu.

Gari la Glenys lilikuwa limesimama kando ya barabara na trela nyuma, anajaribu breki kabla ya safari. Kioo kikashuka. Kwenye kreti lake Bluu alishasimama wima, begi begani, kabla hata honi haijamaliza kulia.

"Mervyn! Mtu umempata au hujampata?"

"Nimempata, mpenzi! Sasa hivi hivi!"

"Sasa hivi? Si uliniambia juzi?"

"Nitakusimulia njiani. Njia si ndefu?"

Glenys akamtazama, akawatazama na wale wengine, Askofu aliyekuwa anajifuta machozi na Nolene aliyejificha nyuma ya mashine ya kahawa. Macho yake yakatua kwa tarishi.

"Na wewe, shemeji Kimya, nimesikia unataja mbwa. Mbwa gani huyo?"

Juu ya kreti kibao kikakonyeza mara tatu. Kimya akamwangalia Glenys, akaliangalia trela, akamwangalia Bluu ambaye alikuwa anamwomba kwa macho. Akafunga mkanda wa kofia, akapanda pikipiki, akaenda zake bila kutamka neno. Nolene anaapa mpaka leo kwamba ndiyo siku pekee jina lile lilipomfaa.