Kiti cha Wenye Haya

Jumatatu, 3 Machi
Mwalimu wa uraia katupa msemo mpya: kuwakilishwa kupita kiasi. Yaani kundi dogo kushika viti vingi kuliko fungu lake. Nikaganda. Kamati yetu ya maktaba! Wapayukaji darasani hawafiki robo, kamatini wamejaa tele. Asiyepayuka ni Miwani tu, katibu, ambaye siwezi kumtazama bila kuangusha kitu. Wanakamati huruhusiwa kukaa maktaba wakati wa mapumziko. Mimi hukaa nyuma ya tangi la maji, najifanya nafunga kamba za viatu.

Jumanne, 4 Machi
Nimeujaribu msemo nyumbani. Nikadai wanawake wamewakilishwa kupita kiasi kwenye kioo cha bafuni. Dada akacheka. Ati yeye, mama na bibi ni watatu kati ya wanne, kwa hiyo robo tatu ya kioo ni haki yao. Wingi si hoja, mdogo wangu, linganisha kwanza. Akaongeza kwamba mimi ni robo ya nyumba lakini nusu ya mkate. Bibi akasema amina. Nimeonewa, ila somo limeingia.

Jumatano, 5 Machi
Nimetumbukiza hoja kwenye sanduku la maoni: wenye haya ni nusu ya darasa, kamatini hawana mtu. Watengewe kiti. Sikutia jina. Mwenye haya gani hutia jina?

Ijumaa, 7 Machi
Mwalimu kaisoma hoja kwa sauti, kaisifu, kiti kikatengwa. Kisha akaomba wenye haya wanyoshe mikono.

Nusu ya darasa tukainamia madaftari. Mkono wangu ulikataa katakata.

Ndipo Kipaza, mpayukaji mkuu, akapanda juu ya kiti. Jamani, mimi nina haya mpaka naogopa kusema. Watu hoi kwa kicheko. Kapita bila kupingwa.

Mapumziko Miwani akanifuata hadi kwenye tangi. Akauliza: mbona hukunyosha, mwenzako nilikuwa nakutazama wewe tu. Nikamwambia bega linaniuma. Akanipa pole, akaenda zake maktaba.

Jumapili, 9 Machi
Nimetafakari sana, kosa nimeliona. Niliwatetea watu wasiofaa. Kesho napeleka hoja mpya: wenye maumivu ya bega hawana mwakilishi hata mmoja kamatini.

Jina sitii.